Ufugaji Bora wa Kuku, Sehemu ya Pili

Jumapili, 3 Machi

Matofali yamefika. Baba Mdogo alisimama barazani na mwavuli wake, akaelekeza yashushwe katikati ya ua, kuanzia bombani mpaka karibu na mlango wa jikoni. Kabla hayajaisha kushushwa mvua ikamwagika, na fundi uashi akasema hachimbi msingi kwenye tope. Ukuta wa kugawa ua utasubiri mvua ziishe. Nilifurahi mpaka nikampikia fundi chai.

Niandike chanzo chake, maana nikisimulia kwa mdomo watu wanacheka. Mwezi uliopita mtangazaji wa redio alikuja kumhoji Baba kuhusu bendi yao ya zamani ya jazi. Baba alipiga tarumbeta. Baba Mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, alipiga saksafoni. Bendi ilirekodi santuri moja tu katika maisha yake. Mtangazaji akauliza kwa nini santuri ile haikuvuma, na Baba, bila hata kukohoa, akajibu: "Iliharibika. Mpiga saksafoni alisinzia."

Baba Mdogo alikuwa jikoni, anasikiliza redio hiyohiyo. Yai lake liliungua kikaangoni.

Yeye kwa upande wake anasema hakusinzia hata kidogo. Anasema zamu yake ya kuingia ilifika, ila Baba aliing'ang'ania tarumbeta akaongeza mzunguko mzima kwa uroho wa sifa. Ugomvi huu umenitangulia kuzaliwa. Mama alipokuwa hai walikula meza moja, Mama katikati. Tangu Mama afariki wanaishi nyumba moja, milango ya vyumba vyao inatazamana, na wanazungumza kupitia kwangu. Sasa wanataka kupitia ukuta.

Na katika wazee hawa wawili hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia hiyo santuri! Waliiacha bendi siku iliyofuata, na nakala zilipotoka kila mmoja alikataa kuishika. Zilikuwa chache, na nyingi ziliharibika ghala la kampuni lilipoingia maji. Nimeitafuta kwa miaka, lakini nilikuwa natafuta kwa kujifurahisha, wikendi kwa wikendi. Sasa natafuta kwa dhati. Nikiipata kabla mvua hazijaisha, santuri itasema nani alikosea, aliyekosea ataomba radhi, na ukuta utakufa kabla ya kuzaliwa.

Jumanne, 5 Machi

Mwanafunzi mpya leo: muuguzi mstaafu, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Anasema amebebwa na magari ya watu vya kutosha, sasa anataka kubeba yeye. Ameshika usukani kana kwamba anaupima mapigo. Miaka yote ya kufundisha udereva sijaona mtu mwoga wa gia ya pili namna hii.

Jumamosi, 9 Machi

Nimekwenda kwa Sindano. Anauza santuri chakavu chini ya ngazi za jengo la maduka ya viatu, na jina alilipata kwa tabia yake ya kuzitazama sindano za gramafoni kwa jicho moja. Nikamwambia habari za matofali.

"Dada, safari hii ni uhakika," akasema. "Kuna mzee nyuma ya soko la mbao. Jazi tupu nyumbani kwake. Nenda na salamu zangu."

Nimekwenda, na mvua ikaninyeshea njia nzima. Mzee anazo santuri kweli. Zote ni gwaride la polisi.

Jumatano, 13 Machi

Mvua kutwa. Asante, mvua.

Jumamosi, 16 Machi

Sindano amenituma tena. Safari hii ni mwanamke mwenye saluni. Alikuwa na santuri moja, na ndani ya jalada lake mlikuwa na kalenda. Sindano ni mwongo wa kuzaliwa, sirudi tena kwake.

Nyumbani, mambo ni yaleyale.

"Mwambie baba yako," akasema Baba Mdogo, Baba akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, "kwamba bomba litabaki upande wangu."

"Mwambie Baba Mdogo wako," akasema Baba, "kwamba abaki nalo, anywe maji, maana pumzi ya kupuliza hana."

Nikawaambia wote wawili kwamba mimi si posta. Wakaninunia. Angalau kununa wamenuna pamoja.

Jumanne, 19 Machi

Naandika haraka, mwandiko usinicheke.

Leo asubuhi tulikuwa na Muuguzi kwenye makutano ya barabara yenye msongamano kuliko zote. Ili asiogope malori nilikuwa nampigisha soga, nikamsimulia santuri. Nilipofika kwenye neno "jazi" alikanyaga breki kwa miguu miwili. Gari likazimika katikati ya njia. Nyuma yetu honi zikalia, mtu akatutukana kwa ufasaha mkubwa, na yeye hajali, kanigeukia macho yamemtoka.

"Mwalimu! Kaka yangu marehemu alikuwa anapiga santuri kwenye kumbi za dansi! Sanduku lake zima liko kwangu, uvunguni!"

"Mama, washa gari."

"Sanduku zima, mwalimu!"

"Mama, lori!"

Tumepanga keshokutwa.

Alhamisi, 21 Machi

Hamna.

Nimekaa sakafuni sebuleni kwa Muuguzi tangu baada ya kazi mpaka jua lilipozama. Nimetoa santuri moja moja, nimefuta vumbi, nimesoma lebo. Kuna dansi, kuna rumba, kuna nyimbo za kwaya, na tatu zilizotuchekesha mpaka mbavu zikauma: "Ufugaji Bora wa Kuku," Sehemu ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu.

"Huyu kaka yangu hakuwahi kufuga hata kifaranga," Muuguzi akasema, anajifuta machozi ya kicheko. "Manyoya yalikuwa yanampigisha chafya. Sijui alizitoa wapi."

Nikaziweka kando, nikaendelea. Jazi ya bendi yetu haimo. Nikamshukuru, nikaingia garini, nikalia. Kuna mtu alinigongea kioo akiuliza kama gari ni la kukodi.

Jumapili, 24 Machi

Jua. Jua kali, la dharau. Fundi uashi amekuja kutazama udongo. Ameuminya mkononi akasema ukikaa hivi siku chache ataanza.

Kwa hasira nikawakalia kikao wote wawili barazani. Nikawauliza: siku hiyo ya kurekodi, mlikuwa nani na nani? Baba akataja: yeye, huyo mwingine, mpiga besi, mpiga dramu, wote wawili hao marehemu.

"Na kinanda?"

"Kinanda alikuwa mama yako," akasema, kama mtu anayetaja kiti.

Nilijua Mama aliwahi kupiga na bendi, ndivyo walivyokutana. Lakini sikuwahi kuambiwa kwamba yumo kwenye santuri. Mama ninayemjua mimi alifundisha watoto wa watu kinanda pale sebuleni, kidole kimoja kimoja, na wakishaondoka alifunga kifuniko akaenda kupika.

"Alipiga nini?"

"Alikuwa anatusindikiza tu," akasema Baba.

Nikamgeukia Baba Mdogo. Akafikiri kidogo. "Shemeji alikuwepo, ndiyo. Alikaa nyuma yetu. Kumbukumbu ya kinanda sina, binti yangu, mimi nilikuwa namwangalia huyu mtu na tarumbeta yake." Kisha akaongeza: "Mwambie baba yako, hata shemeji aliona nani alikosea."

"Mwambie," akasema Baba, "aliona, na ndiyo maana akaolewa na mimi."

Nimekasirika leo kuliko siku nilipoyaona matofali. Mtu anapiga kinanda kwenye santuri pekee ya maisha yenu, na kitu mnachokumbuka ni kwamba alikuwepo. Nimeingia sebuleni nikakaa mbele ya kinanda chake. Sijui kukipiga. Nilikataa kujifunza nikiwa mdogo, nikamwambia kinachosha.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua imerudi na ngurumo! Mji mzima unalaani, mimi naimba. Wanafunzi watatu wameahirisha somo. Muuguzi hakuahirisha, ameingia gia ya tatu, na amepiga kelele ya furaha iliyomshtua mwendesha baiskeli.

Jumanne, 2 Aprili

Pumua kwanza. Andika taratibu, mwanamke.

Leo nilipita chini ya zile ngazi. Niliapa sitarudi kwa Sindano, lakini nilitaka kumwambia ana kwa ana kwamba ni domo kaya na kwamba amenipotezea siku zangu. Nikammwagia yote: gwaride la polisi, kalenda, mwisho sanduku la marehemu kaka yake Muuguzi, ambalo hata yeye Sindano hakulijua, na nilichopata humo ni mafunzo ya kufuga kuku.

Sindano akaacha kutafuna.

"Kuku gani?"

"Ufugaji Bora wa Kuku. Sehemu tatu."

"Na huyo marehemu alikuwa anapiga santuri kumbini?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anafuga?"

"Hata kifaranga. Manyoya yalikuwa—"

"Dada," akasema Sindano, akasimama, na sijawahi kumwona amesimama, "keti."

Sikuketi. Akanieleza hivyohivyo nimesimama. Zamani, wapigaji wa kumbini walikuwa wakiibiana. Mmoja akipata santuri isiyojulikana, ukumbi wake unajaa. Wenzake wanapita karibu na meza, wanachungulia lebo wakati santuri inazunguka, kesho nao wanaitafuta. Kwa hiyo mwenye akili alibandua lebo ya santuri isiyo na thamani, akaibandika juu ya ile ya thamani. Anayechungulia anasoma mahubiri, au hesabu, au kuku.

"Na hakuna aliyebandika takataka juu ya takataka," akasema. "Kama alificha tatu, basi tatu hizo ndizo zilizokuwa roho yake."

Nilizishika! Nilizifuta vumbi kwa mikono yangu hii, nikacheka, nikaziweka kando!

Nikampigia Muuguzi simu palepale, mvua inapiga mabati mpaka nasikia nusu. Zile za kuku ziko wapi?

"Za kuku? Si ulisema hazifai? Nimeziweka chini ya makopo ya maua, pale dirishani. Maji yalikuwa yananivujia kwenye mbao."

"Mama usimwagilie! Usimwagilie kitu chochote!"

"Moja lakini ilivunjika Jumapili, kopo lilinidondoka. Nimeitupa."

"Ipi? Sehemu ya ngapi?"

"Mwalimu, ya kuku. Nitajuaje?"

Mimi ni mwalimu wa udereva. Kuna mambo niliyoyafanya barabarani leo ambayo mwanafunzi wangu angeyafanya ningemfukuza. Sindano alikaa kiti cha pembeni, ameshika mlango kwa mikono miwili, anasali kwa sauti. Alifunga duka lake, mtu huyu, hakusita.

Muuguzi alikuwa ameshatufungulia. Dirishani palikuwa na makopo mawili juu ya vitu viwili vyeusi vilivyojaa tope. Sindano akainua la kwanza. Lebo ilikuwa imelowa hadi kona zimejikunja zenyewe, kazi ya kubandua ilikuwa imeshafanywa na maua. Sehemu ya Tatu. Akaiinua kwa ukucha: chini yake rumba, nzuri, jina kubwa, Sindano akaguna kwa heshima. Si yetu.

Likabaki moja. Nikasema siwezi kutazama. Nikamgeukia Muuguzi, akanishika kifundo cha mkono na nikaona midomo yake inahesabu, kumbe ananipima mapigo. "Yako juu sana," akaniambia. "Vuta pumzi."

Nyuma yangu Sindano aliinua kopo la pili.

"Dada. Soma mwenyewe."

Sehemu ya Pili ilikuwa imening'inia kwa kona moja. Chini yake lebo ya bluu iliyopauka, na jina la bendi ya baba yangu.

Nilipiga yowe. Muuguzi akapiga yowe. Jirani akagonga ukuta, Sindano akamgongea na yeye. Tulirukaruka watu wazima watatu kwenye sebule yenye udongo wa maua sakafuni, na Muuguzi akasema tangu ajifungue kitinda mimba hajawahi kufurahi hivi, akamkumbuka kaka yake, akalia, tukamkumbatia.

Jumatano, 3 Aprili

Sindano ameiosha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa cha miwani. Ina mikwaruzo, mingi ya juujuu. Alitaka kuipiga sekunde chache tu, kuhakikisha. Nikakataa. Nitaisikia wakiisikia.

"Na ikisema baba yako ndiye aliyekosea?" akaniuliza.

Sikuwahi kulifikiria hilo. Nilimwona mkosaji anaomba radhi, na kila mara nilipomwona alikuwa na sura ya Baba Mdogo. Lakini yeyote atakayekuwa, ni mzee atakayeambiwa mbele ya ndugu yake kwamba maisha yake yote alikuwa anabishana na ukweli. Kwa aibu huenda akajenga ukuta mrefu zaidi.

Nilimwuliza bei. Sindano akasema santuri ni ya Muuguzi, na Muuguzi ameshasema ni yangu, kwa hiyo yeye hana la kuuza. Atakuja na gramafoni yake mwenyewe Jumamosi, maana ya kwetu itaikwaruza. Ni mtu huyuhuyu niliyemwita mwongo wa kuzaliwa.

Ijumaa, 5 Aprili

Jua siku ya pili. Fundi anakuja kesho.

Jumamosi, 6 Aprili

Fundi uashi alifika mapema, akafunga kamba kutoka bombani mpaka mlango wa jikoni. Sindano alifika nyuma yake, gramafoni kaifunika koti lake kama mtoto mchanga. Tukaiweka barazani. Nikawaita wazee.

Baba alipoiona lebo alikaa. Baba Mdogo alipoiona alibaki amesimama, akavua kofia. Nikawaambia: hii hapa, hakimu wenu, semeni sasa kama hamtaki kusikia. Sindano akashusha sindano.

Mikwaruzo kwanza, sauti ya mafuta yanayochemka. Halafu besi, dramu, na halafu tarumbeta ya Baba ikaingia, na jamani, jamani! Baba ninayemjua mimi hupuliza asubuhi uani kwa pumzi za kuazima. Huyu alikuwa kijana mwenye kifua, anajisikia, anacheka ndani ya tarumbeta. Nilimwangalia Baba. Vidole vyake vilikuwa vinatembea gotini. Sindano mwenyewe alikuwa amefumba macho.

"Hapa," akasema Baba Mdogo. "Sasa tega sikio."

Baba akanyanyua kidole, tayari kumnyooshea mwenzake.

Tarumbeta ikaacha. Iliacha mapema, hata mimi nisiyejua muziki nilisikia, iliacha kama mtu aliyesahau neno katikati ya sentensi. Haikuongeza mzunguko wowote. Na saksafoni haikuingia. Hakuna aliyekuwa tayari. Kulikuwa na shimo pale, na besi na dramu wanalizunguka bila kujua la kufanya.

Na kinanda kikaingia.

Hakikukurupuka. Kiliokota ile sentensi ya tarumbeta pale ilipoangushwa, kikaimalizia kwa utulivu, kikaizungusha, kikaifanyia mzaha kidogo, kisha kikatengeneza ngazi, sauti juu ya sauti, mpaka mlangoni kwa saksafoni, kikamfungulia. Saksafoni ikaingia kana kwamba hivyo ndivyo wimbo ulivyotungwa. Asiyejua hawezi kudhani kulikuwa na kosa. Angesema hapo ndipo penye utamu.

Kidole cha Baba kilikuwa bado hewani.

"Irudishe," akasema.

Sindano akairudisha. Tukasikia tena. Akaomba tena.

"Niliacha mapema," Baba akasema. Hakuniambia nimwambie mtu. Alimwambia mdogo wake, ana kwa ana. "Niliishiwa pumzi nikaacha. Nilidhani nilimaliza."

"Na mimi sikuwa nimeinua saksafoni," akasema Baba Mdogo. Aliketi polepole kando yake. "Nilikuwa nakuangalia wewe. Nilikuwa nasubiri ukosee."

"Yeye alijua."

"Alijua, kaka. Miaka yote aliyokaa katikati yetu pale mezani, alijua."

"Kwa nini hakusema?"

Baba Mdogo akajifuta uso kwa kofia. "Tulimwuliza lini?"

Fundi akaja na jembe, hana habari, akauliza aanzie wapi kuchimba. Baba Mdogo akamwambia akae kwanza asikilize. Baba akamwambia aifungue ile kamba, isije ikamkwaza mtu. Fundi akakaa juu ya matofali.

Sindano alikuwa ameshika mkono wa gramafoni kuurudisha tena palepale, lakini Baba akamzuia.

"Iache iende. Hatujawahi kusikia mwisho wake."

Ikaenda. Tarumbeta na saksafoni wakafukuzana, wakashikana, wakamaliza pamoja. Sauti ya mwisho ikafifia, na fundi mitambo wa siku ile ya kurekodi hakuzima haraka, maana kabla ya mikwaruzo ya mwisho kunasikika kiti kikisogezwa, na mtu mmoja nyuma kabisa anacheka. Kicheko kifupi cha mwanamke kijana ambaye ametoka kufanya jambo na ameona kwamba hakuna aliyeligundua.

Namjua mtu yule. Nikawaambia wote wanyamaze, nikasogeza kiti mpaka karibu kabisa na gramafoni, nikamwomba Sindano airudishe hapo hapo.